Mwaka Nilioendesha Boti ya Msufini

Mwezi uliopita nilikwenda Maneromango kumzika Fundi Elia. Barabara ya kule bado ni ileile ya kumkumbusha mtu kila mfupa aliozaliwa nao, na mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo gari tulilokodi kutoka Misugusugu lilikwama mara mbili, na mimi kikongwe mzima nikashuka kusimama pembeni huku wajukuu wakisukuma. Tulifika watu wamekwisha kutoka kanisani. Watoto wa marehemu walinitafutia kiti safu ya mbele, mimi na ushungi wangu katikati ya akina mama wa kwaya, wakaniambia, "Mama, wewe ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, utasema mawili matatu." Nikasimama. Mimi ambaye nyumbani naambiwa ninyamaze ili watu wasikie redio, siku hiyo nilisema, "Huyu mzee alinifundisha kuendesha boti," sauti ikakata, nikakaa. Watu wakatazamana, maana Maneromango ni vilima na mihogo na minazi, boti gani tena. Baadaye tulipopewa wali na maharage chini ya turubai, kijana mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Bibi, hiyo boti uliendesha wapi, baharini?" Nikamwambia mwanangu, kula kwanza, chakula kitapoa. Lakini njia nzima ya kurudi lile swali lilinikaa kooni, na kwa kuwa mdomo ulinisaliti mbele za watu, nimeamua kuandika.

Ukoo wangu nitauruka. Ni wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvu, Waislamu wa siku nyingi, na hilo latosha. Nianzie chumbani, maana mambo yote yalianzia chumbani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji kipya cha Msufini, ng'ambo ya mto, upande ule ambao ukitaka hospitali, soko au barabara kubwa ya Mlandizi, lazima kwanza uvuke maji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafundisha kisomo cha watu wazima jioni kwenye godauni la kijiji. Nilikaa na wifi yangu Zena, mke wa kaka yangu. Kaka alifanya kazi Dar es Salaam, akija mwisho wa mwezi, na si kila mwezi. Nyumba ilikuwa bado inanuka udongo mbichi, na sisi wawili tulilala chumba kimoja kwa sababu cha pili kilijaa magunia ya mpunga na kuku anayeatamia. Kitanda cha kamba, kibatari juu ya kopo la maziwa, mkeka, na sanduku la bati la Zena lenye kanga za harusi yake. Masika iliyotangulia Zena alishikwa na uchungu mto ukiwa umefurika. Alilala ukingoni siku mbili, kwenye kibanda cha makuti, akingojea maji yapungue. Hayakupungua. Mtoto akatoka amekwisha kufa, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Baadaye daktari wa Kibaha alimwambia kwamba nyonga zake ni nyembamba, na kwamba mimba nyingine akithubutu kuizalia nyumbani, safari hiyo watazikwa wawili. Zena alinisimulia maneno hayo mara moja tu, lakini kila wingu likifunga nilimwona akitazama upande wa mto.

Boti ililetwa kiangazi, wakati Ruvu imelala chini kabisa na watoto wanaogelea hadi katikati. Ilitoka wilayani juu ya tela la trekta, ikashushwa upande wa Mlandizi, ikavutwa kwa kamba mpaka kwetu. Ilikuwa ya mbao, rangi ya kijivu, ndefu kuliko chumba chetu, na kando yake, imefungwa kwenye gunia kama mgonjwa, mashine yenyewe. Pamoja nayo alikuja Fundi Elia, mtu mwembamba wa makamo, Mlutheri, ambaye aliwahi kufanya kazi ya injini za majini huko pwani. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu mmoja wa kijiji, kisha aondoke. Sharti la wilaya lilikuwa jepesi kulielewa: masika ikiisha bila kijiji kupata mwendeshaji wa kutegemewa, boti inahamishiwa kwingine. Dirisha la chumba chetu lilitazama baraza ya mwenyekiti wa kijiji, na jioni ile mimi na Zena tulikuwa tumelala kimya tukisikiliza kila neno, kama kawaida yetu. Mwenyekiti alisema, "Nina vijana watatu wenye nguvu zao, Fundi. Chagua." Fundi Elia akanywa chai yake, tulimsikia akiinywa. "Mwenyekiti, kijana akishajua mashine, Msufini itamwona wapi tena? Ataondoka na ujuzi kichwani, utasikia yuko Dar. Mimi nipe mtu asiyekwenda popote." Halafu akauliza, "Yule binti wa kisomo, ameposwa?" Mwenyekiti akasema hapana. "Ana mpango wa kuondoka?" Mwenyekiti akacheka kicheko ambacho sijakisamehe mpaka leo, akasema, "Aende wapi, Mwajuma?"

Zena alijifunika uso kwa kanga akicheka mpaka kitanda kikalia. "Hongera wifi," akaninong'oneza, "umepata kazi kwa kukosa mchumba." Nilinuna. Iliniuma, sisemi uongo. Kila msichana hupenda achaguliwe kwa uzuri au kwa akili, na mimi nilichaguliwa kama jiwe la figa linavyochaguliwa, kwa kuwa halitembei. Lakini kicheko chake kilipokwisha Zena alinishika mkono akauweka tumboni mwake, ambako hapakuwa bado na kitu cha kuonekana. "Mwezi wa pili huu sijaona siku zangu," alisema. Tukahesabu kwa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila tukihesabu tuliangukia katikati ya masika. Hakucheka tena. "Wifi, kajifunze hiyo mashine," akasema. "Usijifunze kwa ajili ya mwenyekiti. Jifunze kwa ajili yangu."

Nikajifunza. Siku ya kwanza sikuigusa hata mashine, nilijifunza kuishusha boti tu. Vijana walikuwa wamezoea kuburuta mtumbwi kwa nguvu, lakini boti ile ingeburutwa hivyo ingefumuka mbao. Fundi Elia akaagiza mashina ya migomba, tukayalaza moja baada ya jingine kutoka kibanda cha boti hadi majini, yakiwa mabichi na utelezi wake, na boti ikateremka juu yake taratibu, watu sita wakiizuia badala ya kuisukuma. Kabla haijagusa maji alinionyesha tundu nyuma, chini, la ukubwa wa kidole gumba. "Ikiwa juu ukingoni, maji ya mvua yanatoka hapa. Ikiwa chini, Ruvu inaingilia hapa. Kizibo kwanza, bismillah baadaye." Nikamwambia bismillah kwanza. Akanitazama, akaona sitanii. "Haya," akasema, "basi zote mbili kwa pamoja." Tangu siku hiyo nilikuwa nabana kizibo huku nasoma, na yeye anasubiri.

Mashine ile ya zamani haikuwa na gia. Vijana wa siku hizi hawanielewi nikisema hivyo. Ilikuwa hivi: unachanganya petroli na oili kwa kipimo, unazungusha kamba juu ya gurudumu lake, unavuta, na ikiwaka inakwenda hapohapo, hakuna kusimama na kufikiri. Ukitaka isimame, unabonyeza kitufe, inazimika, na kuiwasha tena ni kuzungusha kamba upya na kuvuta, na ikiwa na moto itakugomea kama mke aliyeudhiwa. Wiki nzima nilivuta kamba mashine ikiwa imefungwa kwenye gogo ndani ya pipa la maji, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Zena akawa ananikanda usiku kwa mafuta ya nazi. Halafu siku moja asubuhi Fundi Elia akasema, "Leo twende," akakaa mbele kabisa mwa boti, mbali na mimi, mikono ameikunja. Nikavuta mara tatu. Ikawaka.

Nimepanda mabasi, nimepanda treni, mjukuu wangu mmoja amenipandisha ndege kwenda Mwanza, na hakuna hata kimoja kilichonifanya nijisikie kama nilivyojisikia asubuhi ile. Ukingo ulianza kutembea. Mimi nimekaa, mkono wangu umeshika kijiti cha chuma kinachotetema, na matete na mikuyu na wanawake wanaofua vinarudi nyuma, na mto ambao tangu kuzaliwa kwangu ulikuwa kitu cha kuchotwa, kuogopwa na kulaumiwa ulikuwa unapasuka mbele yangu pande mbili, kwa sababu mimi nimetaka. Nililia. Nilijifanya ni moshi. Mtetemo ulipanda kwenye mkono, ukaingia begani, ukashuka kifuani, na nikajua kabisa kwamba nimeshika nguvu ambayo haikuwa yangu, na kwamba imekubali kunisikiliza. Sijui mtu mwingine angeliitaje jambo hilo. Mimi niliogopa na nikafurahi kwa wakati mmoja, kama siku ya kwanza nilipopelekwa kuswali Idi msikitini nikasikia watu wote wakiitikia amina. Kisha nikageuza kishikio kushoto ili twende kushoto, boti ikaenda kulia, tukaingia kwenye matete hadi kiunoni. Fundi Elia aliondoa majani kichwani pake bila haraka. "Mashine inakwenda kinyume cha mkono," alisema. "Hilo nilikuwa nangoja ulione mwenyewe."

Ramadhani ilitukuta katika mafunzo. Nilifunga, na yeye Mkristo, juani siku nzima katikati ya maji yote yale, hakuwahi kunywa hata tone mbele yangu. Nilidhani hasikii kiu. Siku moja nikamwona nyuma ya kibanda amejificha anakunywa kwenye kata kama mwizi. Jioni Zena alimpelekea futari barazani kwa mwenyekiti, mihogo ya nazi na kambale wa kukaanga, na wali wa mchele mpya wa bonde wenye harufu inayofika barabarani. Alikula akatuma salamu kwamba huko kwao hakuna kambale wa hivyo. Siku hizi nasikia watu wakibishana redioni nani aishi na nani, na mimi namkumbuka mtu yule na kata yake nyuma ya kibanda.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Lazima kwanza nimtaje Mzee Kibwana. Kabla ya boti, mvushaji wa Msufini alikuwa yeye, kwa mtumbwi wake na pondo lake, mti mrefu wa kusukumia chini ya maji, na alivusha watu tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyekataa kumvusha Zena masika ile. Alikuwa na haki, mtumbwi ungepinduka wangekufa wote, kila mtu alijua. Lakini tangu siku hiyo alikuwa mzito wa maneno, na boti ilipokuja watu walisema ana kinyongo. Sisi watu wa bonde tuna adabu yetu ya majini. Vyombo viwili vikikutana mtoni, aliye mdogo kwa umri anainua pondo lake, anaacha chombo kielee, anasalimu, anasubiri kuitikiwa, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, anauliza na yeye, ndipo kila mtu aende zake. Kumpita mtu mzima majini bila kusimama ni sawa na kumruka akiwa amelala. Hakuna aliyenifundisha hilo, nililiona tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Na Fundi Elia, mtu wa vilimani, hakujua kwamba lipo.

Mvua za vuli zilipoanza, mto ukapanda ukawa mwekundu, na siku moja nilipewa abiria wa kwanza nikiwa peke yangu, akina mama wanne na magunia mawili ya mpunga. Fundi Elia alisimama ukingoni, na mwenyekiti, na nusu ya kijiji. Nilikuwa katikati ya mto, najisikia malkia, nikamwona Mzee Kibwana anakuja na mtumbwi wake. Sikufikiri hata kidogo. Nikabonyeza kitufe, mashine ikanyamaza, nikainama nikasema, "Shikamoo, babu." Akainua pondo. "Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo huko?" Nikasema hatujambo. "Kaka yako hajambo?" Hajambo. "Wifi yako?" Na nilipokuwa namjibu habari za wifi, maji yalikuwa yametubeba mbali, na yeye anatutolea macho tu kule nyuma. Nikazungusha kamba, nikavuta. Nikavuta. Ilikuwa na moto, ikagoma. Akina mama wakaanza kusoma dua. Tuligonga mkuyu ulioanguka, boti ikalala ubavu, magunia yakaenda, na mmoja wa akina mama akaning'inia kwenye tawi mpaka Mzee Kibwana alipokuja kumtoa. Hakuna aliyekufa. Lakini nilivutwa kurudi Msufini kwa kamba ya mtumbwi, mbele ya watu wote, na mvushaji wa zamani ananiburuta.

Jioni dirisha letu lilituletea kila kitu. Mwenyekiti alisema, "Nilikwambia, Fundi. Masika hii boti inaondoka." Fundi Elia alisema, "Boti haikumshinda. Alizima mwenyewe." "Alizima kwa nini?" "Ili amwamkie mzee." Nadhani mwenyekiti naye aligundua kwamba angekuwa yeye angezima. Asubuhi Fundi Elia alinikalisha juu ya shina la mgomba. "Mwajuma, mashine haijui mzee wala mtoto. Ukiwa na mtu ndani, usizime." Nikamuuliza, "Sasa nitampitaje babu?" Akasema nipunge mkono. Nikamweleza kwamba kumpungia mkono mtu mzima ni utovu wa adabu kuliko hata kunyamaza. Akakuna kichwa. "Hapo sina la kukufundisha," alisema, na nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote. Mwanzoni mwa mwaka aliitwa kazini kwake, akaondoka, akaniachia spana mbili na plagi moja ya akiba iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwa miezi ile nilivusha watu kila siku, na kila asubuhi nilitazama kwanza Mzee Kibwana yuko wapi, nikamsubiri apite ndipo nishushe boti. Nilikuwa namkwepa, kwa lugha ya wazi. Watu walicheka. Mimi nilijua fika kwamba siku moja itakuja ambayo haitanipa nafasi ya kusubiri.

Tulipanga Zena avuke wiki tatu kabla, akakae kwa shangazi Mlandizi. Uchungu ukamshika mwezi mzima kabla ya wakati wake, alfajiri, siku ya nne ya mvua isiyopumua. Nilitoka nje nikautafuta mto nisiuone. Palikuwa na maji tu, mapana hadi macho yanachoka, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kimyakimya, na juu yake yanapita mapaa ya vibanda, migomba mizima, na mbuzi mmoja aliyesimama juu ya lundo la matete kama abiria. Nilikwisha kuyaona mafuriko, lakini sikuwahi kuyaona kwa macho ya mtu anayetakiwa kuingia ndani yake. Wanawake walikuwa wamekwisha kulaza mashina ya migomba bila kuambiwa. Zena alibebwa kwenye kitanda chetu cha kamba, jasho linamtoka, na Bi Tausi, mkunga wetu, akaingia akampakata kichwa. Zena alinitazama mara moja. Nikabana kizibo nikisoma. Nikazungusha kamba. Nilivuta mara moja tu na ikawaka, na nikamshukuru Mungu na Fundi Elia kwa pamoja.

Njia ilikuwa moja. Mto ulikuwa umemeza mashamba, na katikati ya mikuyu iliyozama nusu ulibaki uwazi mmoja tu wa kupitia, mwembamba, maji yakivutwa hapo kwa nguvu. Tulipoukaribia nikamwona. Mzee Kibwana, na mtumbwi wake umefungwa kwenye mkuyu wa kando ya uwazi uleule, anaokoa migono yake ya kunasia samaki isichukuliwe na maji. Hatua kumi kutoka mahali nitakapopita. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Siongezi chumvi, uliniponyoka. Na Bi Tausi, ambaye amempakata mtu anayekufa, akasema, "Mwajuma, yule Mzee Kibwana. Msalimie mzee." Simlaumu, ndivyo tulivyokuwa. Zena akalia kilio kimoja kirefu. Nikajua nikizima hapa haitawaka tena, na maji yatatuchukua, na nikajua vilevile kwamba sitaweza kuyatazama macho ya mzee yule nikampita kama ninavyopita gogo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mzee akainua uso, akatuona. Alituona vizuri, kitanda, Bi Tausi, mimi. Kisha akaweka mgono chini, akashika mkuyu, akajigeuza taratibu ndani ya mtumbwi mpaka akatupa kisogo. "Ya Rabi," alisema Bi Tausi, "mzee ametususa." Nikaondoa kidole. Nikapita. Wimbi la boti liliupiga mtumbwi wake ukayumba vibaya, naye hakugeuka.

Sikumbuki vizuri upande wa pili. Nakumbuka lori la mkaa, na dereva aliyemwaga magunia yake kando ya barabara bila kubishana ili kitanda kikae, na Bi Tausi akipanda na Zena, na lori likienda Kibaha. Sikuruhusiwa kwenda, boti haiachwi. Nikarudi peke yangu. Katikati ya maji yale yote, hakuna mtu, mvua imekatika, jua limetoka upande mmoja na kufanya dunia nzima ing'ae kama sinia, niligundua kwamba sitetemeki. Mkono ulijua mahali pa kwenda kabla yangu mimi. Nilijiona mdogo sana, na sikujali kuwa mdogo. Mzee Kibwana alikuwa amekwisha kuondoka pale kwenye mkuyu. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari moja tu, kwamba Mwajuma amesuswa na mtu mzima majini, na kwa watu wetu hilo si dogo, ni kama laana, mtu huogopa hata kulala. Zena alikuwa Kibaha na sikujua yu hai au la, na nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba kisogo kile kimemfikia yeye.

Siku ya tatu kaka yangu alikuja ukingoni upande wa pili akapiga kelele, na nilipomfikia alikuwa analia na kucheka. Madaktari walikuwa wamempasua. Mtoto wa kike. Wote wazima. Nilikaa chini kwenye tope nikalia na mimi, na sikujifanya ni moshi. Kesho yake nikachukua nusu kilo ya sukari, na mwaka ule sukari ilikuwa haionekani, Zena alikuwa ameificha kwa ajili ya uzazi, nikajifunga kanga vizuri nikaenda kuomba radhi.

Mzee Kibwana alikuwa uani anasuka mgono mpya. Nikapiga magoti, nikaweka sukari mbele yake. "Babu, nimekuja kuomba radhi. Nilikupita."

"Ulinipita," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Wifi yako?"

"Amejifungua, babu. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Mikono yake ilisimama. Aliutazama ule mgono kama vile amesahau unasukwaje. Kisha akasema, "Nilimwacha yule binti ukingoni mwaka jana. Nilimsikia siku mbili. Siku ile niliwaona tangu mnatokeza. Nikasema moyoni, huyu Mwajuma namjua, akiniona uso atazima. Sasa nifanye nini, nijitose majini? Nikakupa kisogo. Mtu aliyekupa kisogo utamsalimia vipi?"

Alisogeza sukari pembeni, akafuta macho kwa kiganja, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Haya," akasema, "nisalimie sasa."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za kwenu?" Na akaniuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, bila haraka yoyote, mpaka za yule mtoto ambaye alikuwa bado hana jina.